Laita ya Mkono wa Kushoto

Nyanya yangu alivuta kiko tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Kwetu nyanya huitwa kogo, na hapa nitamwita hivyo, kwa sababu jina jingine lolote nikimwita naona kama ninamzungumzia mtu mwingine. Alikuwa na nyumba yake ya udongo chini ya shamba letu la chai, si mbali na Sotik, na ndani yake mafiga ambayo moto wake haukuzimika. Akitaka kuvuta alichukua kaa kwa vidole vitupu, akaliweka juu ya tumbaku, akanyonya mara mbili, basi. Sikuwahi kuona kiberiti mkononi mwake.

Katikati ya miaka ya tisini alipooza upande wa kulia. Mkono wa kulia ukabaki kulala mapajani kama wa mtu mwingine. Baba akamhamishia nyumbani kwetu, kwenye chumba kilichofunguka moja kwa moja kwenye veranda, na hapo ndipo matata yalipoanza. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuthubutu kumkataza mama yake kuvuta, lakini alituita sebuleni, mama, ndugu zangu na mimi, akatoa amri.

"Tumbaku ni jambo lake na Mungu wake. Ila hakuna mkono wa mtu wa nyumba hii utakaomwashia. Si wangu, si wenu."

Kogo aliyasikia yote, maana ukuta ulikuwa wa mbao. Kuanzia siku hiyo alikaa verandani na kiko kilichojaa tumbaku, baridi, amekiuma kwa meno yake machache. Alijaribu kiberiti. Alibana kisanduku kwa magoti, akakwaruza kwa mkono wa kushoto, njiti zikavunjika moja baada ya nyingine, na zile ambazo hazikuvunjika zilikuwa na unyevu wa mvua. Asubuhi moja kisanduku kilimponyoka, njiti zikatapakaa sakafuni. Baba alikuwa akipita kwenda kukamua. Aliinama, akaziokota zote, njiti kwa njiti, akazirudisha ndani, akakiweka kisanduku mapajani mwa mama yake, kisha akaenda zake zizini.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Kogo ndiye aliyenilea miaka ile mama alipokuwa mgonjwa, na sasa alikuwa akiomba moto kwa macho katika boma alilolianzisha yeye. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nachuma chai asubuhi na kushona sare za shule mchana, na sikuwa na adabu nyingi kama mama alivyotamani. Nikaipima ile amri neno kwa neno. Baba alikataza mikono yetu. Mkono wa Kogo hakuutaja. Basi kazi yangu ilikuwa kumtafutia laita ambayo mkono mmoja, tena wa kushoto, wa mwanamke mzee, ungeweza kuiwasha bila msaada wa mtu.

Ya kwanza niliinunua Silibwet nilipokwenda kumwona shangazi. Ilikuwa ya plastiki, ya kijani, ya gesi. Niliijaribu dukani ikawaka mara moja, nikarudi nyumbani najiona mjanja. Kogo alihangaika nayo, kidole gumba kikiteleza kwenye kile kigurudumu kidogo, hata ikawaka. Alipoinamisha ili moto uingie kwenye kiko, moto ukageuka ukapanda juu ya kidole chake. Akapiga ukelele, laita ikaruka mpaka kwenye ua wa michongoma.

"Hicho kitu kinajua kwenda juu tu," akasema, akinyonya kidole. "Kiko changu kina mdomo juu. Moto lazima uteremke."

Nilikuwa nimenunua laita ya sigara. Nilijiona mpumbavu, na kosa lile lilinitia ari zaidi. Siku ya soko iliyofuata nilimwomba Kogo kiko chake, nikakitia kwenye mkoba pamoja na nyuzi za cherehani, nikaenda Sotik.

Niliingia duka baada ya duka. Naomba laita, natoa kiko, nakiweka mdomoni, mkono wa kulia naufunga mgongoni, nasimama mlangoni penye upepo, najaribu. Zingine zilikuwa na kitufe kigumu kuliko nguvu zangu mwenyewe. Moja ilikuwa nzuri ajabu, ya rangi ya dhahabu, na moto wake ulielekea kwenye kiko kabisa, lakini nilipouliza gesi ya kuijaza inauzwa wapi, mwenye duka akanielekeza Nairobi. Wateja walijaa kunitazama.

"Madam," mmoja akaniambia, "hata kama ni stress, si uanze na sigara kwanza?"

Nikamwambia asante kwa ushauri, nikaomba ile nyingine iliyokuwa rafu ya juu.

Bahati mbaya, kati ya waliokuwa wakitazama alikuwako mama mmoja wa kwaya. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Unavuta kiko?"

"Sivuti, baba."

"Na kilikuwa kinafanya nini mdomoni mwako, Sotik, mbele ya watu?"

"Kilikuwa kinapimwa."

Nilingoja anikataze, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akinikataza nitaendelea. Hakunikataza. Aliniambia nipeleke maziwa barabarani kabla gari halijapita.

Wiki iliyofuata nilirudi Sotik. Safari hii niliacha maduka, nikaenda kwa fundi wa saa, mzee wa Kisii aliyekaa kwenye kibaraza cha duka la misumari na sanduku lake la kioo. Katika kopo la vyuma vikuukuu alikuwa na laita ya petroli, ya chuma, imebonyea ubavuni, kifuniko kimelegea. Nilipotoa kiko hakucheka.

"Ni ya nani?"

"Ya nyanya yangu. Amebaki na mkono moja, hii ya kushoto."

"Basi ni hii," akasema. "Hii ukiwasha, toa kidole, itaendelea tu kuwaka. Ukiinamisha inakubali. Na upepo haiogopi sana."

"Na harufu ya petroli? Si itaingia kwa tumbaku?"

"Hapo ndio watu hukosea. Wanawasha, wanaweka haraka haraka, halafu wanasema laita ni mbaya. Mwambie awashe, ahesabu pole pole mpaka tano, ile petroli ya juu iishe. Ndio sasa ateremshe."

Alikaza kile kifuniko, akabadilisha utambi, akanionyesha jiwe la cheche la akiba alilolificha chini ya pamba iliyo ndani yake. Alianza na bei ya mbuzi, tukaachana kwa bei ya kuku, na kila mmoja wetu akajifanya ameumia.

Nyumbani nikafanya kosa jingine, la mtu aliyezoea taa ya koroboi. Petroli hatukuwa nayo, mafuta ya taa yalikuwako, nikaijaza mafuta ya taa. Laita ikatoa cheche na moshi mweusi, ikafa. Nilikaa kwenye ngazi ya veranda karibu nilie. Siku mbili baadaye akaja yule bwana wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, na nilipoiona pikipiki yake nilimkimbilia kana kwamba amekuja kunichumbia mimi. Alinijazia petroli chupa ya dawa ya kikohozi.

Kogo alifanya mazoezi siku sita. Kwanza kufungua kifuniko kwa kidole gumba, kile kidole kilichokomaa kwa kuchuma chai miaka yote. Kisha kigurudumu. Iliteleza, ilianguka, nikaiokota, nikampa, nikakaa juu ya mikono yangu nisije nikamsaidia. Siku ya saba ikawaka. Alihesabu kwa Kikipsigis, polepole, kiko mdomoni: akenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Kwenye mut, yaani tano, aliteremsha moto, akanyonya, moshi ukatoka. Nililia waziwazi.

"Kwani nani amekufa?" akaniuliza. "Sogea, unaniziba mwangaza."

Baba, akiwa zizini, aliuona moshi. Akaendelea kukamua, na mimi sikumpa nafasi ya kuniuliza.

Mwezi wa saba ulikuja na mvua ya siku tatu mfululizo. Jumapili hiyo wazee wa kanisa walikuwa waje kunywa chai kwetu kabla ya ibada. Kuni zilikuwa zimelowa, moto wa jikoni umekufa, na kisanduku cha mwisho cha kiberiti kilikuwa kimelala chini ya paa linalovuja. Duka lilikuwa limefungwa kwa sababu mwenye duka naye ni wa kanisa. Mama alikwaruza njiti mpaka zikaisha. Kisha sote tukatazama verandani, kwa maana sote tulijua moto uliko.

Baba alibeba stovu ya mafuta ya taa mwenyewe. Akaipeleka verandani, akaiweka mbele ya Kogo, akapiga magoti.

"Mama," akasema, "nisaidie moto."

Kogo alikuwa na kiko mdomoni tayari, kimejaa, hakijawashwa. Aliitazama stovu, akamtazama mwanawe. Akafungua kifuniko kwa kidole gumba, akawasha mara ya kwanza. Upepo ulikuwa ukileta mvua mpaka ndani ya veranda, na petroli ilikuwa karibu kuisha, moto ukalala upande. Baba akauzungushia mikono yake yote miwili. Kogo akainamisha laita, utambi wa stovu ukashika, ukazunguka wote rangi ya samawati.

Kazi ya baba ilikuwa imekwisha. Lakini Kogo hakufunga kifuniko. Aliinua laita polepole mpaka karibu na kiko, na mikono ya baba ikapanda nayo. Hakukuwa na haja ya kuhesabu, ile petroli ya juu ilikwisha kuungua zamani. Kogo alihesabu hata hivyo, akimtazama mwanawe machoni, na alikwenda polepole kuliko siku zote, ili mwenye kutaka kuondoa mikono apate muda wa kuiondoa.

"Akenge," akasema. "Aeng'."

Kule barabarani tulisikia sauti za wazee wakija na miavuli yao.

"Somok. Ang'wan."

Baba aligeuza kichwa akatazama lango, kisha akarudisha macho kwa mama yake.

"Mut," akasema Kogo, akateremsha moto. Mikono ya baba ilikuwa bado pale pale.