Shemeji Asiyejua Kukaa

Shemeji yangu Athumani, mume wa mdogo wangu Salma, alikuwa hajui kukaa. Simsingizii. Chai anakunywa amesimama, ugali wa muhogo anakula mguu mmoja uko nje ya mlango, na ukimpa kigoda utadhani umemkalisha juu ya siafu. Alikwenda Lindi kukata mkonge, akaacha. Akaenda Pemba kuchuma karafuu, akaacha. Akarudi Mtwara, akapata kibarua cha kupakia magunia ya korosho bandarini, na hapo ndipo alipozidi kuharibika, maana kila siku aliziona meli zinaondoka na yeye anabaki.

Nilimwambia, "Shemeji, mtembezi hula miguu yake."

Akanijibu palepale, "Mtembea bure, Dada Hadija, si sawa na mkaa bure." Mdomo alikuwa nao!

Mimi nilikuwa simcheki. Salma alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na zote mbili mumewe hayupo. Ya kwanza yuko Lindi, ya pili yuko Pemba. Nani aliyemshika Salma mkono? Mimi. Na Salma naye hakuwahi hata siku moja kumwambia mumewe "usiende." Alikuwa anamfungia vitu vyake, anamsindikiza mpaka njiani, halafu anarudi ndani na kujifungia.

Sasa mwaka ule wa sitini na nane ana mimba ya tatu, imeshakuwa kubwa, Athumani akaja mbio na habari kwamba amepata kazi ya jikoni kwenye meli inayopeleka korosho Bombay. Itaondoka Jumanne. Alikuwa anacheka peke yake. Salma akasema, "Hongera, mume wangu," akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumapili alasiri akatupeleka sinema mjini, eti kutuaga. Jamani, ile sinema! Jitu zima limevaa kinyago na nguo ya kubana, chupi juu ya suruali, linaruka angani na waya unaonekana. Milima ya maboksi. Akimpiga mtu ngumi, mtu anaanguka kabla ngumi haijamfikia. Lugha yenyewe hatuijui, ila hapakuwa na cha kujua. Nililaani pesa ya kiingilio.

Halafu, katikati ya upuuzi ule, kikaja kipande kimoja ambacho sijui nani aliwatengenezea, maana hakikufanana kabisa na mengine. Yule mrukaji amerudi kwake. Mkewe ni mgonjwa, yuko kitandani. Mwanamume anavua kinyago, kumbe ana uso wa mtu aliyechoka. Nje watu wanagonga mlango, wanamwita akawaokoe. Anainuka, anashika kitasa. Anamtazama mkewe, anarudi. Anainuka tena. Hakuna muziki, ni ule mlango tu unagongwa. Mwisho akaketi sakafuni, akashika nyayo za mkewe kwa mikono miwili, na ukimtazama usoni unaona kabisa kwamba kukaa kunamuuma.

Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Ruka, bwana! Ruka!" Maganda ya karanga yakarushwa. Nikamgeukia Athumani: karanga ziko mkononi, mdomo wazi, hatafuni. Kisha sinema ikarudi kwenye maboksi yake.

Njiani kurudi nyumbani Athumani akasema, "Dada, yule anajua kuruka, lakini akakaa."

"Alikaa kwa sababu waya ulikatika," nikamjibu. Hakucheka.

Jumatatu asubuhi Salma akaona damu. Mkunga akaja, akasema alale, asiinuke hata kuchota maji, na tumwombe Mungu. Mtoto alikuja kuzaliwa mzima, lakini siku zile hakuna aliyelijua hilo. Athumani alizunguka nyumba kutwa nzima. Nilimwambia akija tena dirishani nitammwagia maji.

Jumanne ikafika. Mfuko wake uko mlangoni. Mwenzake Mohamedi, aliyeajiriwa naye kwenye meli ile ile, akaja anagonga. "Athumani! We Athumani! Wanapandisha ngazi!"

Athumani akauchukua mfuko. Akauweka. Akauchukua tena. Salma amegeukia ukutani. Mimi nilishindwa kuvumilia, nikasema, "Kama unakwenda, nenda! Usituchezee roho hapa!"

Alisimama pale jasho linamtoka. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Mohamedi, tangulia bwana. Wape salamu." Akaketi kwenye mkeka kando ya kitanda.

Baadaye honi ya meli ikalia kutoka bandarini, ndefu. Athumani akaanza kulia. Si machozi ya kujificha, kilio hasa, mabega yanaruka. Hasira zikanipanda. "Mwanamume mzima unalilia chuma! Mkeo anatoka damu, wewe unalilia meli? Huna haya!"

"Dada, mwache," Salma akasema. Akageuka taratibu, akanyoosha mkono, akamwekea mumewe kichwani.

"Lia, mume wangu," akamwambia. "Safari zako zote nimezilia mimi. Hii moja ilie wewe."