Tundu la Ukubwa wa Ungo

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, Leonida alimwaga uji wake kwenye mizizi ya mpapai, akasema umeungua. Haukuwa umeungua. Aliupika Cephas, mumewe, na kila alichopika Cephas kilikuwa kimeungua hata kabla hakijaonjwa.

"Leo ni Alhamisi," alisema. "Vidio sokoni wanaanza mapema. Nenda, halafu uje unieleze vizuri. Si kama juzi."

"Juzi nilikosea nini?"

"Ulimfufua mtu. Yule mama mwenye duka kwenye filamu alikufa wiki jana. Juzi ukamleta tena, anauza chumvi."

Cephas alijikuna shingo. Filamu zile zilikuwa za Kizungu na za Kichina. Kizungu hakijui, Kichina ndiyo kabisa. Palipomshinda, alijazia. Alidhani mke wake hajui.

Leonida aliketi kwenye kigoda chake karibu na ghala, kamera mapajani, mguu mbaya kaunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Ng'ambo ya ua korongo wenye taji walikuwa wanalia. Walikuja bondeni kila mwaka masika yakikolea, wakacheza kwenye majimaji, dume na jike wakiinamiana na kurukaruka. Kila mtu wa upande ule wa Rangwe aliwaona. Leonida aliwasikia tu.

"Baba Dorine, hilo ua."

"Nitaona."

"Tundu tu. La ukubwa wa ungo."

"Nimesema nitaona, Nyar Kendu."

Ndivyo alivyomwita tangu amwoe, binti wa Kendu. Akachukua fimbo yake, akaenda sokoni.

Leonida alizaliwa Kendu Bay, baba yake akiwa mpishi wa shule. Vitabu vilivyochanika, shule ilivitupa, baba akavileta nyumbani vya kuwashia moto. Mtoto akawa anavisoma kabla moto haujavifikia. Vingi havikuwa na mwisho. Akajizoeza kuvimalizia mwenyewe, na tabia hiyo haikumtoka hata uzeeni.

Cephas hakukaa darasani hata siku moja. Alichunga ng'ombe, basi. Walipooana, mke akawa anamsomea wakisubiri ugali uive. Kusoma kwake kulikuwa kugombana. Kitabu kimoja kilikuwa na mwanamke aliyefungiwa nyumbani na mumewe, akalia siku tatu mfululizo. Leonida akakifunga pa!

"Siku tatu, na hakuna anayeuliza amekula nini? Aliyeandika hiki hajawahi kuingia jikoni."

Kitabu kikaenda kutandikwa chini ya kuku anayeatamia. Huko ndiko vilikoishia vitabu vilivyomuudhi. Vilivyompendeza alivifunga kwa kitambaa, akaviweka sandukuni pamoja na nguo za kanisani. Sandukuni havikuwa vingi. Kuku walitandikiwa vizuri.

Gari la sinema lilipokuwa likija uwanja wa shule, yeye alikaa mbele kabisa na kubishana na kitambaa cheupe. "Wewe msichana, usiende na huyo! Tazama viatu vyake!" Watu walivunjika mbavu. Yeye alisema kama hawataki kuambiwa, mbona wamekuja kumwonyesha mambo yao?

Mwaka wa tisini ng'ombe alimbana kwenye nguzo ya zizi. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Tangu hapo dunia ya Leonida ikawa ndani ya boma. Kigodani, jikoni, ghalani, chooni, kitandani. Na boma lilizungukwa na mnyaa. Cephas aliupanda kwa mikono yake alipohamia pale, ukakua hadi ukapita kichwa cha mtu, umesongamana hata kifaranga hapenyi. Zamani aliusifu. Sasa kila alipoutazama aliona jinsi alivyofanya kazi nzuri, na roho ikamuuma.

Ndipo akaanza kutumwa vidio. Banda la mabati pale sokoni, televisheni moja, betri ya gari, vijana wamejazana kwenye mabenchi. Mzee mwenye mvi akiingia, zogo.

"Mzee umepotea, kanisa ni huko!"

"Mwachie nafasi, anatafuta bibi wa pili."

"Bibi wa kwanza ndiye amenituma," alisema Cephas, akaketi. Siku hiyo walicheka hadi mwenye banda akatishia kuzima.

Akirudi, Leonida alimkalisha chini kama karani wa kesi.

"Ikawaje?"

"Mtu alikufa."

"Alikufaje?"

"Alipigwa."

"Na nani? Kwa nini? Alikuwa na watoto? Baba Dorine, umekaa huko saa mbili nzima, unaniletea maneno mawili?"

Basi alijifunza kutazama. Rangi ya gauni, nani alifunga mlango, nani hakulia mazishini.

Dorine, binti yao, alifundisha Migori. Likizo moja alimletea mama yake kamera ndogo. Filamu moja ya kamera ilikuwa na picha thelathini na sita. Zikiisha, unasubiri Dorine aje, aipeleke Migori kusafishwa, halafu unasubiri tena zirudi. Miezi ilipita. Leonida alisema kusubiri si kazi ngumu kwa mtu ambaye haendi popote.

Alimpiga picha chozi, yule ndege mdogo, akinyonya ua la mgomba. Alimpiga picha mjusi mwenye kichwa chekundu, kifua juu, kifua chini, kama anayesalimia wakubwa. Kwera wakisuka viota. Nyingi zilitoka tawi tupu. Hakuzitupa. "Hapa alikuwa," alisema, akiligusa tawi kwa kidole.

Mwaka wa tatu akasema, "Nimewamaliza. Kila mwenye mabawa humu ndani nimempiga picha. Hata nzi."

Walibaki wale wa bondeni. Kutoka langoni hadi huko ni kuzunguka mbali, mawe na mteremko. Cephas aliwahi kumpakia kwenye wilibaro, kamkalisha juu ya gunia. Gurudumu lililia njia nzima kama nguruwe anayechinjwa. Walipofika, korongo walikuwa madoa angani. Leonida alipiga picha ya maji. Hakukubali kupakiwa tena. Alisema yeye si mahindi.

Ndipo akaomba tundu.

Cephas angekata tu. Panga alikuwa nalo. Lakini hakuwa mtu wa kugusa jambo la boma bila kuuliza. Akaenda kwa kaka yake mkubwa, Jeremiah. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

"Boma lina lango moja," alisema Jeremiah. "Ukitoboa pengine, umekifungulia kifo njia ya mkato."

"Ni la kuchungulia tu, kaka. La ndege."

"Kifo ni kinene kiasi gani? Ulishakipima?"

Kama Cephas asingeuliza, lingekuwa tundu. Alipouliza, likawa mwiko. Sasa akilikata, ndugu wangejua amekatazwa akakata, na ndama akifa tu, kisa ni yeye. Akarudi nyumbani, akamweleza mkewe.

"Shemeji anaogopa kifo kitapita kwenye ungo?" alisema Leonida. "Mimi mwenyewe sipiti."

Aliomba masika yale, na yaliyofuata, na yaliyofuata tena. Cephas alisema nitaona, nitaona. Neno hilo lilimtoka kama pumzi.

Alhamisi ile alirudi kutoka sokoni saa tisa, akiipanga filamu kichwani asije akakosea. Kigoda kilikuwa kitupu.

Alimkuta chini, kwenye mnyaa. Kisu cha kukatia sukuma wiki kilikuwa mkononi. Utomvu mweupe umemgandia hadi viwikoni, jicho moja limefumba na kuvimba. Amelala upande wa ile nyonga. Ukutani mwa ua alikuwa amekata shimo la ukubwa wa ngumi. Halikutokea nje.

"Nilitaka nimalize kabla hujarudi," alisema. "Usimwambie Jeremiah."

Cephas alimtia maziwa jichoni, kama walivyofanya wazee. Akakimbia kutafuta gari.

Walimlaza hospitali moja huko Homa Bay. Jicho lilipona. Kifua ndicho kilichokataa. Cephas aliketi naye kila saa ya kutazama wagonjwa. Alimweleza ile filamu, mwanzo hadi mwisho, bila kujazia. Palipomshinda alisema, "Hapa sikuelewa." Siku ya tisa Leonida akafariki. Ilikuwa Mei ya tisini na sita.

Maiti ililetwa kwa pikapu, watu wengi nyuma wakiimba. Pikapu haikuingia langoni. Nguzo zilikuwa karibu mno, na mvua ilikuwa imefanya mtaro. Dereva alirudi nyuma, akajaribu tena, akachubua mlango. Wanawake wakaanza kunung'unika kwamba mama yao anasubirishwa barabarani.

Jeremiah akazunguka ua, akaja upande wa bonde.

"Kateni hapa. Hapa pamenyooka."

Cephas akamkaribia. "Kaka. Si ulisema?"

"Kifo kimeshaingia," alisema Jeremiah kwa upole. "Sasa tunazuia nini?"

Vijana sita, mapanga sita. Kazi aliyoiomba Leonida kwa miaka mitatu ilikwisha kabla chai haijachemka. Walifungua pana, pikapu ikapita na nafasi ikabaki. Leonida aliingia kupitia pale, kalala, kafunikwa, uso juu. Wakamzika mkono wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke.

Mwanamke huliliwa siku tatu. Siku zile Cephas hakuondoka pale uwazini. Wageni waliingia na kutoka kwa njia ile, wakiisifu kwamba inafupisha safari. Aliwapa mkono, akakaa. Hakutazama nje.

Siku ya nne asubuhi Jeremiah alikuja na ndugu na rundo la vijiti vya mnyaa vilivyokatwa tayari kwa kupandwa. Mashimo yakachimbwa, mstari mmoja. Walimwachia Cephas kijiti cha kwanza, kwa kuwa mwenye boma ndiye anayeanza. Alikishika. Utomvu ukamtiririka vidoleni. Ndipo akatazama. Bonde lilikuwa tupu. Magari na nyimbo za matanga vilikuwa vimewafukuza korongo.

"Panda, ndugu yangu," alisema Jeremiah. "Boma haliwezi kulala wazi namna hii."

Cephas hakuinama.

"Unangoja nini?"

"Sijui."

Jeremiah alimtazama, kisha akawatazama wengine. Akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza, kwa kuwa neno la mtu anayekufa halivukwi, hata na mwiko.

"Marehemu aliacha neno lolote? Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Dorine aliacha kufagia. Cephas angeweza kusema lolote. Angesema: aliomba pasizibwe. Nani angembishia? Kijiti kingetupwa, watu wangekwenda zao. Lakini hakutaka kumsemea mke wake, huyo ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

"Kitanda chake kilikuwa dirishani," alisema. "Siku ile ya mwisho aliniambia nimwinue. Nikamwinua. Akatazama muda mrefu. Akasema hivi, siongezi, sipunguzi: 'Baba Dorine, dirisha wanalo, tena kubwa. Mbona wamelipaka rangi, mtu asione nje?'"