Televisheni ya Shamim na Mstari wa Thelathini

Ofisi ya mradi wa maksai mjini Koboko ilitangaza, kwa barua yenye mihuri miwili na kwa redio asubuhi, mchana na jioni, kwamba majina ya wakulima wote waliochaguliwa yataonyeshwa hadharani. Kwamba kila mwananchi ataliona jina lake kwa macho yake mwenyewe. Na kwamba hakuna hata mmoja anayestahili atakayeachwa nje. Aliyechaguliwa alitakiwa kufika mwenyewe na kitambulisho chake kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, aweke alama ya kidole kitabuni. Asiyefika, jozi yake ya maksai na plau yake vingekwenda kwa mtu wa akiba.

Kuonyesha hadharani kulifanyika. Jumatatu karatasi zilibandikwa ukutani, kwa herufi za ukubwa wa chawa, na kufikia saa nne watu walikuwa wamesukumana mpaka karatasi ya kata ya Kuluba ikapasuka katikati. Ndipo Lado, karani wa ofisi, mtu asiyependa kelele, alipofanya jambo la busara. Alizipiga picha nakala zilizobaki mezani, akazituma kwa simu ya Siraji, kisha akasimama mlangoni na kusema, "Nendeni kwa Siraji. Yeye iko na skrini kubwa."

Ni kweli alikuwa nayo. Siraji, mwenye miaka arobaini na mitatu, alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Baba yake alikuwa karani wa jeshi, na baada ya utumishi wote ule alimwachia mwanawe vitu viwili: taipureta moja, na imani kwamba herufi iliyokosewa ni uhaini mdogo. Taipureta ilikufa zamani. Imani iliendelea. Barua za maombi, ratiba za mazishi, mikataba ya viwanja, vyote vilipita mikononi mwa Siraji vikatoka bila doa, na mjini kulikuwa na watu wasiojua kusoma waliomwamini kuliko walivyowaamini watoto wao waliosoma.

Wiki tatu kabla ya orodha kutoka, skrini ya kompyuta yake ilizimika. Aliipeleka Arua kwa Dumo, fundi wake wa siku zote. Dumo aliifungua, akainusa, akaifunga.

"Afande, hii zika tu." Dumo humwita afande kila mtoto wa mwanajeshi. "Nyumbani tivi iko?"

"Iko. Lakini ni ya mke."

"Nyuma iko na tundu ya HDMI?"

"Iko."

"Basi skrini iko. Chukua hii waya. Mambo ya mke mimi si fundi yake."

Televisheni ilikuwa ya Shamim kwa kila namna ambayo kitu kinaweza kuwa cha mtu. Aliinunua kwa unga wake wa muhogo, akaishonea kitambaa cha kufunika, na kila alasiri alikaa mbele yake kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Ilikuwa ya inchi thelathini na mbili, na kibandiko cha HD kilikuwa bado kwenye kona kwa sababu Shamim alikataza kibanduliwe. Siraji aliahidi kuirudisha baada ya wiki moja.

Kibandani iliwatisha watu, kwa uzuri. Herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, safi. Wateja walisoma barua zao wakiwa wamesimama barabarani, na wasiojua kusoma walitikisa kichwa kwa kuridhika. Kasoro ilikuwa moja. Picha ilizidi kioo kidogo, upana wa kidole kila upande, na kilichozidi hakikuonekana. Mstari wa vitufe ulioko chini ya skrini ulitokeza utosi tu. Kitufe cha kona hakikutokeza kabisa, na Siraji alikibofya kwa kukumbuka, kama mtu anavyopapasa swichi nyumbani kwake. Siku ya kwanza jambo hilo lilimkera. Siku ya tatu alizoea. Wiki ya tatu, kama angeulizwa skrini yake ina shida gani, angeapa kwamba haina.

Jumanne alikuja Rosa Kiden, kwa miguu kutoka Kuluba. Marehemu mume wake, Celestino, alitumikia kambi moja na baba yake Siraji, kwa hiyo hakupanga foleni, na hakuna aliyemlaumu.

"Siraji, mtoto yangu, nitazamie. Macho yangu iko, lakini haikuenda shule."

Siraji aliifungua picha ya Kuluba, akaitanua ijaze kioo chote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu alichukua rula ya mbao akapita nayo jina kwa jina, akisoma kwa sauti. Rula ilifika chini, ikagonga fremu.

"Jina yako haiko, mama."

"Soma tena. Inaweza kuwa nimejificha."

Akasoma tena, polepole zaidi. Rula ikagonga fremu mara ya pili.

Nyuma yao mwendesha boda mmoja aitwaye Afedra, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, alisema, "Mama, tivi kubwa namna hii! Ng'ombe yako ingekuwa ndani, hata mkia tungeona."

Watu walicheka. Rosa naye alicheka, na jambo likawa rahisi. Kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa karanga za kukaanga zilizofungwa katika karatasi, akaziweka juu ya meza.

"Kula. Nimekusumbua."

Siraji alizimaliza kabla ya saa tisa. Zilikuwa na chumvi ya kutosha.

Jioni hiyohiyo Shamim alimtaka aangalie na orodha ya akiba, kwa sababu mama yake naye aliandikishwa. Alikuwemo: Mariam Poni, akiba wa kwanza wa Kuluba. Siraji alifurahi kwa moyo safi. Baadaye alikuja kuikumbuka furaha hiyo kwa makini sana, akiigeuza huku na huku, asione doa, na bado asiiamini.

Ijumaa asubuhi wino wa printa ulikwisha, maana mji mzima ulikuwa unatoa kopi za vitambulisho, naye akaenda Arua. Alipomaliza kununua alipita kwa Dumo na kumweleza, kama mzaha, jinsi anavyobofya kitufe asichokiona.

Dumo hakucheka. "Hujaambia tivi ikupe picha nzima?"

"Picha nzima namna gani?"

"Tivi inakuza picha, inakula pembeni. Imefundishwa tangu zamani, wakati picha ya hewani ilikuja na takataka kando kando, ikabidi kuficha. Kompyuta haina takataka, lakini tivi itajuaje? Wewe ndiye unaiambia."

Akaichukua rimoti ya televisheni iliyokuwa ukutani pake, nayo imeunganishwa na kompyuta, akabonyeza mara nne. Picha ikasinyaa kidogo. Pande zote nne vikajitokeza vitu ambavyo sekunde moja nyuma havikuwepo, na chini ukapanda mstari wa vitufe, mzima.

"Kumbe chini kulikuwa na kitu," alisema Siraji.

"Chini siku zote iko kitu, afande."

Siraji alitoa simu mfukoni. Picha za Lado zilikuwa humo tangu Jumatatu, ndogo na kamili. Alifungua ya Kuluba, akaivuta kwa vidole viwili. Juu kabisa kulikuwa na kichwa ambacho hakuwahi kukiona: Kuluba, watu 30. Kushoto kulikuwa na safu ya nambari, ambayo pia hakuwahi kuiona. Chini, kwenye ukingo kabisa wa karatasi, mstari wa thelathini: KIDEN ROSA, MJANE.

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Alimpigia Lado.

"Wa thelathini ya Kuluba bado," Lado alisema. "Saa sita nafunga kitabu."

"Mwandike. Mimi nashuhudia."

"Bwana Siraji, kidole yako si kidole yake."

Rosa hakuwa na simu. Siraji alipanda gari la kwanza lililokuwa linaondoka kuelekea Koboko, na njiani ndipo akamkumbuka mtu wa akiba. Watu watasema amekula njama na wakwe. Kilichomtesa ni kwamba hadithi yao ingekuwa nzuri kuliko yake. Mtu aliyemwibia mjane ng'ombe ili ampendeze mama mkwe anaeleweka. Hata msikitini wangemwelewa. Lakini mtu aliyejua wiki tatu nzima kwamba kioo chake kinakula pembeni, kisha akamsomea mjane jibu kutoka kwenye kioo hichohicho, mara mbili, kwa rula, huyo aelezwe vipi?

Koboko alimkuta Afedra kwenye stendi ya boda, wakaenda Kuluba pamoja. Rosa alikuwa anapalilia muhogo.

"Mama, jina yako iko. Twende, saa sita wanafunga."

Rosa aliegemea jembe. "Si ulisoma mara mbili?"

"Kompyuta ilikuwa na shida."

Kompyuta haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa imetoa mistari thelathini tangu Jumanne.

"Pole yake," alisema Rosa.

Hakukubali kuondoka vile alivyokuwa. Mtu haendi serikalini na udongo miguuni, alisema, akachota maji. Kitambulisho kilikuwa ndani ya kopo pamoja na karatasi za jeshi za Celestino, na karatasi za Celestino haziondolewi ovyo. Alizitoa moja moja, akazipanga juu ya mkeka. Kisha akatafuta gauni la ofisini. Siraji alisimama uani akitazama saa ya simu yake, na hakusema neno la kumharakisha, kwa sababu hakuona ni kwa mdomo gani angelisema.

Walifika ofisini saa sita na dakika kumi na tano. Mbele ya meza ya Lado alikuwa amesimama Mariam Poni, aliyekaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili kwa matumaini tu. Alikuwa anafuta wino kwenye kidole gumba kwa kipande cha gazeti.

Siraji aligeuka ukutani papo hapo. Kwao mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hazungumzi naye. Kama kuna neno, hulipitisha kwa mke. Ni heshima ya kale na imeokoa ndoa nyingi. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Aliitazama.

"Poni, ni wewe umepata?" alisema Rosa nyuma yake. "Mungu asifiwe! Nimefurahi kabisa."

"Amina, dada yangu. Na wewe umefuata nini, umevaa hivyo?"

Siraji alijua kwamba Rosa anamtazama mgongoni. Alijua pia kwamba angeweza kusema. Angemwambia Lado, kwa sauti, kwamba huyu ndiye wa thelathini, kwamba kosa ni lake, na mama mkwe angesikia; mila inafunga macho na mdomo, haijawahi kufunga masikio. Lakini hakuwahi kuishukuru mila kama siku ile. Aliisoma kalenda mpaka Desemba. Lado, ambaye alijua yote kwa simu, na ambaye hakupenda kelele, alifunga kitabu taratibu.

"Nilipita kusalimia tu," alisema Rosa.

Nyumbani alimweleza Shamim kila kitu, mpaka karanga.

"Baba Swadiki," alisema Shamim, "kwanza ulichukua tivi yangu. Sasa unataka na ng'ombe ya mama yangu?"

"Si mimi nataka. Ni haki ya Rosa."

"Basi mwambie mama."

"Unajua siwezi."

"Najua. Na leo umefurahi kwamba huwezi." Alikuwa mwanamke anayeona picha nzima bila rimoti.

Hata hivyo neno alilipeleka kwa mama yake, baada ya siku nne. Mariam Poni alijibu kwa njia hiyohiyo kwamba amesikitika sana, kwamba Rosa ni kama dada yake, na kwamba atamwazima maksai bila kinyongo, watakapomaliza shamba lake na mashamba ya wanawe watatu.

Siraji alikwenda Kuluba mara mbili kumweleza Rosa ukweli wa ile shida ya kompyuta. Mara ya kwanza alikuta wageni. Mara ya pili hapakuwa na wageni, na Rosa alimpa kiti, akamwambia tena asante kwa kuja mbio siku ile kutoka Arua. Wengine wangenyamaza, alisema. Siraji alikunywa chai akarudi.

Mvua zilipokaribia, Lado alileta taarifa ya mradi ichapwe. Televisheni ilikuwa bado kibandani. Wiki moja ya Shamim ilikuwa imeingia mwezi wa tatu. Sasa ilionyesha pande zote nne, hadi kitufe cha kona. Siraji aliandika alichopewa: Kuluba, waliochaguliwa 30, waliopokea 30, na hakuna hata mmoja aliyestahili aliyeachwa nje. Akapitia mstari kwa mstari kwa rula.

"Iko sawa?" aliuliza Lado.

"Herufi zote iko."

Akatoa nakala mbili. Mwaka ule Rosa Kiden alipanda karanga robo ya shamba lake, mpaka pale jembe la mkono lilipofika.