Siku Ambazo Mto Haukupimwa

Nilikuwa na mwandiko mzuri, na hilo ndilo lililoniponza. Masista waliotufundisha walinisifia tangu darasa la kwanza, nami nikakua nikiamini kwamba ukurasa ukiwa safi basi na yaliyomo ni safi. Nilipoajiriwa kuwa karani wa ofisi ya maji pale Bukoba, miaka michache baada ya Uhuru, nilikuja na imani hiyo, sketi mbili, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Niliishi mtaa wa Bilele kwa shangazi yangu, nikaenda kazini kwa miguu, na kila niliyekutana naye njiani nilihakikisha amejua kwamba mimi ni mtumishi wa serikali.

Mkuu wetu aliitwa na watu Bwana Maji, nasi ofisini tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwenyeji wa Muleba, mrefu, mkimya, amesoma ng'ambo lakini hakutusumbua na habari za ng'ambo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu hapo. Sijapata wa kumfikia. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam akatuambia kwamba yeye ni mmoja wa watakaoiwakilisha nchi kwenye mazungumzo ya kimataifa juu ya maji ya ziwa letu na mto unaotoka humo. Mikataba iliyokuwapo walikuwa wameisaini wakoloni, sisi hatukuulizwa, na serikali yetu changa ilikwisha kusema waziwazi kwamba haifungwi nayo. Kusema ilikuwa rahisi. Sasa ilibidi kwenda kukaa meza moja na watu ambao walianza kupima maji babu zetu wakiwa bado wanavaa lubugo, nguo ya magome ya mti.

"Wenzetu watakuja na makabati ya takwimu," alituambia. "Sisi tukienda na hasira tu, watatusikiliza kwa adabu, kisha watatumiminia chai."

Basi akaanza kujiandaa, na mimi sijaona mtu akijiandaa namna ile. Aliisoma mikataba ya zamani neno kwa neno, kwa sauti, mlango wazi, mpaka tarishi wetu akawa anaweza kukariri kifungu cha kwanza bila kujua Kiingereza. Alikwenda kwenye chemchemi kuwauliza kina mama maji yanapungua mwezi gani. Hakutaka kwenda kubishana kwa namba alizoandikiwa na mgeni. Alitaka namba zetu.

Na tulikuwa nazo, japo chache. Zilizokuwa bora kuliko zote zilitoka bonde la mto mmoja uingiao ziwani, chini ya kijiji cha Ijumbi, kwa mkulima wa migomba na kahawa. Mzungu mmoja alikuwa amesimamisha ubao wenye alama za futi na inchi mtoni pale, akamwonyesha mkulima yule namna ya kuusoma kila asubuhi na kuandika. Mzungu akaondoka. Hakuna aliyemwambia mzee yule aache, kwa hiyo hakuacha. Miaka ikapita, Uhuru ukaja, mvua kubwa zikaja na ziwa likapanda, yeye anashuka bondeni na penseli yake. Madaftari yake yalitufikia yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na upande wetu wote hakukuwa na kumbukumbu nyingine ya mto iliyokwenda muda mrefu vile.

Nikapewa mimi niyachape kwenye majedwali. Kazi ilinikaa vizuri mpaka nilipogundua kwamba kuna siku tupu. Moja hapa, mbili zimefuatana kule, tarehe imeandikwa lakini mbele yake hakuna kitu wala maelezo. Nilizitazama nikaona aibu kabisa. Mimi nimelelewa nyumba ambayo mgeni akionekana barabarani, mtu anakimbilia ufagio kabla ya kukimbilia kusalimia. Hawa waheshimiwa wa dunia nzima waje waone vitobo kwenye jedwali la Tanzania? Nikaangalia namba ya jana yake na ya kesho yake, nikaweka ya katikati. Mto hauruki kama panzi, nilijiambia. Sikufikiri nadanganya. Nilifikiri nafagia.

Jedwali likatoka zuri ajabu. Bwana Maji alilisifu mbele ya wote, na sifa ile niliila wiki nzima.

Siku chache kabla hajasafiri, akaamuru meza za ofisi ziunganishwe. Tufanye mazungumzo wenyewe, alisema, ili yale ya kweli yasiwe mapya. Tarishi alifanywa mwenyekiti, akapewa kengele, na kusema kweli alikuwa mwenyekiti mkali kuliko wengi niliowaona baadaye. Kila mmoja wetu alipewa nchi. Mimi nikapewa ujumbe unaotupinga kuliko wote.

"Leo mimi si mkuu wako," Bwana Maji aliniambia. "Nishambulie. Jedwali hili ndilo tunalolitegemea, litafutie kosa. Maana wenzetu wakipata namba moja ya uongo hawataifuta hiyo moja, watatupa jedwali lote, na sisi pamoja nalo."

Mpaka dakika ile sikuwa nimelielewa jambo nililolifanya; nililielewa lote kwa mara moja, nimeketi pale na sketi yangu iliyopigwa pasi. Ningeweza kuuliza swali la kijinga tukaendelea, na angepanda ndege akiwa ameubeba uongo wangu bila kujua. Tarishi akagonga kengele akaniambia ujumbe wangu unachelewesha mkutano.

Nikasimama. "Ndugu mwenyekiti," nilisema, kwa kuwa bado tulikuwa kwenye mchezo, "ujumbe wangu unauliza kama namba hizi zote zilipimwa."

"Zote," Bwana Maji alijibu huku anatabasamu.

"Hapana," nikasema. "Nyingine nilizitunga mimi."

Tarishi akaiweka kengele chini polepole. Nilingoja kufukuzwa, na ningefukuzwa ningelia siku mbili nikapona. Bwana Maji akavuta kiti karibu yangu, akanipa penseli nyekundu akaniambia nimwonyeshe moja moja. Nilizikumbuka zote, bila kuangalia daftari. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu anayefagia kweli hakumbuki kila takataka.

"Nafasi tupu si kosa," alisema tulipomaliza. "Ila lazima tujue kwa nini ni tupu."

Kesho yake tukaenda Ijumbi kwa Landrova. Mzee alitupokea kwenye kibanja chake cha migomba, akatutolea kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa, akauliza habari za mjini na za watoto wa Bwana Maji. Alikuwa mfupi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa migomba. Bwana Maji alimwonyesha siku zile. Hakumwambia nilichokifanya, wala siku ile wala siku nyingine.

"Siku hizo kulikuwa na msiba, waitu," alisema mzee, akituita kwa heshima ya kwetu, kana kwamba ametuambia kulikuwa na mvua. Akaweka kidole kwenye daftari. "Hii ni mke wa katekista. Hii, mtoto wa jirani yangu, homa. Hizi mbili ni mzee wa ng'ambo ya mto, tulikuwa tunamngoja mwanawe atoke Kampala. Marehemu hajazikwa, hapa kwetu hakuna anayeshika jembe."

Kiburi changu kilikuwa bado hakijafa chote. "Lakini tata, kutazama ubao si kulima," nikasema, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu.

"Ni kazi, mwanangu. Kama si kazi, mbona mlinipa daftari?"

Aliendelea mpaka mwisho, siku baada ya siku, maiti baada ya maiti, bila kusitasita. Bwana Maji aliandika kila neno. Nilipomtazama niliona macho yake yamelowa, na sikushangaa, maana yangu pia yalikuwa hivyo.

Nikachapa upya majedwali yote. Penye siku zile niliandika "haikupimwa", na mwishoni tukaambatisha karatasi ya sababu.

Bwana Maji aliporudi alituambia kwamba hawakuafikiana lolote kubwa. Mazungumzo ya maji hayaishi kwa safari moja. Lakini jedwali letu lilipokewa, nalo liko mezani. Ujumbe mmoja, ambao hata sisi hakututajia, ulikuwa umezinyooshea kidole nafasi zetu tupu. Akawasomea karatasi ya misiba, yote. Kisha akaomba kufungua jedwali lao, ambalo halikuwa na nafasi tupu hata moja kwa miaka yote, akawauliza kwa upole, "Ndugu zangu, kwenu hakuna anayekufa?" Mwenyekiti wa mkutano akaagiza kwamba kuanzia hapo kila nchi ieleze namba zake zilipatikanaje.

Ofisi nzima tulipiga makofi. Sikuweza kukaa na habari ile, nikaomba ruhusa, nikapanda basi la Muleba, mengine nikamalizia kwa miguu, ili mzee aisikie kutoka kinywani mwangu. Nilimkuta anakata majani makavu ya migomba. Nilimsimulia yote, nikafika kwenye lile swali, nikangoja acheke.

Hakucheka. Alishusha kisu chake akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini," alisema. "Kumbe wenzetu wananyimwa hata siku ya kuzika." Akafikiri kidogo. "Na ninyi mnaokaa nao meza moja, hamwezi kuwaombea?"

Nilimwambia nitamfikishia Bwana Maji. Nilishindwa kumtazama usoni.