Watu Waliokaa Mbali na Maji

Lori lililonitoa Songea lilibeba magunia ya mahindi, na juu ya magunia tulikaa abiria saba. Tulisafiri siku nne. Kuanzia Tunduru mchanga ulikuwa mwingi, tukawa tunashuka kusukuma kila baada ya muda mfupi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, na tangu hapo nilikuwa nimeshika na kuacha kazi tano: mkonge Tanga, bandarini Dar es Salaam, dukani kwa Mhindi Mbeya, na nyingine mbili ambazo sizikumbuki vizuri. Sikufukuzwa hata moja. Niliamka tu asubuhi fulani nikaona siwezi kukaa tena.

Tulifika Masasi mchana, jua likiwa limeichemsha milima ya mawe inayozunguka mji. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo sokoni aliniuliza ninakokwenda.

"Newala," nikamjibu.

"Basi kunywa hapahapa mpaka tumbo liseme basi. Huko juu maji yanaonjwa kama asali."

Nilidhani ananitania. Kesho yake nilipanda gari jingine, tukapita Lukuledi kupeleka mzigo, tukarudi, kisha tukaukwea uwanda wa Makonde. Juu kulikuwa tambarare, udongo mwekundu, mikorosho, mihogo na vichaka vilivyofungamana. Siku nzima sikuona kijito hata kimoja.

Ofisi ya Newala ilikuwa imetafuta karani mwenye elimu ya sekondari. Kulikuwa na mpango wa kuleta mabomba ya maji, na kabla ya mabomba walitaka kila kijiji kiandikwe: kiko wapi, kina nyumba ngapi, maji yako mbali kiasi gani, nani alikianzisha na kwa nini alichagua mahali pale. Nilipewa daftari kubwa na baiskeli. Nilianzia upande wa Kitangari, na baada ya miezi miwili nikafika Nankulu, kijiji kidogo kilichokaa ukingoni kabisa mwa uwanda. Ukisimama pale unauona mto Ruvuma chini, na ng'ambo yake nchi iliyotawaliwa na Mreno.

Mkuu wa kijiji, Mzee Chipatu, nilimkuta anaziba tundu la debe kwa lami.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mngoni. Wa Songea."

Aliweka debe chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, tokeni nje! Mgwangwara amerudi! Safari hii amekuja na kalamu!"

Watu wakatoka. Wakati wa mababu, Wangoni walizivamia nchi za Masasi na Newala, wakachukua watu na vyakula, na Wagwangwara ndilo jina walilopewa. Vita vile viligeuka utani baadaye, kama desturi yetu ilivyo: mjukuu wa aliyevamia na mjukuu wa aliyevamiwa wanatukanana bila kukasirika, na kwenye msiba mtani ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa.

Nilipofungua daftari na kuuliza kwa nini wanakaa mbali na maji, mama mmoja mnene alijibu kabla ya mzee. "Unatuuliza sisi? Kamuulize babu yako!"

Kicheko kilipokwisha Mzee Chipatu akanieleza. Wazee wao waliishi bondeni, kando ya chemchemi. Kila aliyekuja kwa ubaya aliwakuta pale, kwa sababu msafiri yeyote, mwema au mbaya, lazima atafute maji. Ndipo wakapanda juu, wakajificha vichakani, wakaamua kwamba kubeba maji kichwani ni kuzuri kuliko kubeba maiti.

"Vita navyo hunywa maji, mjukuu wangu," alisema. "Andika hivyo."

Niliandika. Ninaikumbuka ile sehemu ya daftari neno kwa neno: "Nankulu. Nyumba thelathini na moja. Chemchemi iko chini ya mteremko, kushuka saa moja, kupanda na debe saa mbili. Walihama bondeni kwa hofu ya vita." Chini yake nikaongeza kwa penseli, kwa ajili yangu mwenyewe: "Vita vimekwisha. Hofu imebaki."

Yule mama mnene aliitwa Mama Somoe, na nilipanga chumba kwake. Binti yake Somoe alikuwa akishuka majini alfajiri na kurudi jua limepanda, majani yakielea juu ya debe ili maji yasimwagike. Kila asubuhi aliniwekea kikombe kimoja cha kunawia. "Nawa uso tu, Mgwangwara. Roho yako haitakati hata kwa mto mzima." Mwaka ulipoisha nilimwoa, nikahamia rasmi ukweni, kama desturi yao. Kazi ya daftari iliendelea, lakini kila Ijumaa nilirudi Nankulu. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke shule, sikufikiria kuondoka.

Kisha, mwaka wa tatu tangu nifike, tukasikia habari za ng'ambo. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya ofisi ya Mreno kudai mambo yao, na risasi zikapigwa. Wiki hiyo hiyo watu walianza kuvuka Ruvuma, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu mahali palipokuwa na mchanga. Kwetu walikuja kumi na mmoja. Aliyewaongoza alikuwa Paulina, mdogo wake Mama Somoe, aliyeolewa ng'ambo zamani. Mumewe, Anselmo, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisema kwenye mikutano, na alikuwa akitafutwa.

Dada hao wawili hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Walishikana wakalia, kisha Paulina akanitazama.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Sasa mbona anafunga zizi wakati ng'ombe ameshawaiba mwenyewe? Amekuja kuoa baada ya kutumaliza?"

Nilimpenda tangu siku hiyo.

Lakini maji yalikuwa tatizo. Vinywa kumi na moja viliongezeka katika msimu wa kiangazi. Somoe alishuka mara mbili kwa siku. Mama mkwe, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba, naye alishuka. Jioni moja alikaa mlangoni akijikanda, nikaona machozi.

Kesho yake niliomba wanaume wakutane. Nikasema Paulina na watu wake wakae chini, penye chemchemi. Kulikuwa na ardhi nzuri, matete ya kuezekea, na maji hatua chache tu. Mabomba yakija, watapanda juu.

"Chini hakukaliwi," alisema Mzee Chipatu.

Nilifungua daftari. Nilizungumza kama mtu aliyesoma. Niliwatajia vijiji ambavyo nimeviandika, na kwamba sababu waliyonipa ilikuwa moja tu, nayo imepitwa na wakati. Mzee alitikisa kichwa. Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Baba, mlihama kwa sababu ya Mngoni. Mngoni ndiye huyu. Nimeoa hapa, nakunywa kikombe kimoja kwa siku. Bado mnaniogopa?"

Kila mtu akacheka. Mzee mwenyewe alicheka. Paulina, aliyekuwa nje na wanawake, akapaza sauti: "Mgwangwara akishakuruhusu kunywa, unasubiri nini tena?"

Hoja zangu hazikumshinda mzee yule. Ule utani ndio uliomshinda. Siku ya pili walishuka.

Walijenga nyumba nne. Kwa wiki tisa hali ilikuwa nzuri kuliko nilivyotumaini. Anselmo alipandisha madebe mawili kila jioni kwa ajili ya shemeji yake, na magoti ya Mama Somoe yakapona. Paulina alilima bustani ya mchicha. Nilikuwa na fahari. Niliwaza kuandika barua ofisini kupendekeza vijiji vingine navyo vifanye hivyo.

Asubuhi ile nilishuka kukata matete ya kumtengenezea Paulina mlango. Ilikuwa saa tatu. Mto ulikuwa umepungua sana. Paulina alikuwa penye chemchemi anajaza debe, nami nilikuwa ndani ya matete, pengine hatua thelathini kutoka kwake.

"Kata kwa nguvu, Mgwangwara," alisema. "Au mlizoea shingo tu?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimeshapata jibu.

Wakatokea upande wa mtoni. Walikuwa askari wa Mreno, tisa au kumi, wana bunduki, na isipokuwa mmoja wote walikuwa Waafrika kama sisi, wamevaa kaptula za kaki. Walifuata njia ya miguu kutoka mchangani. Njia yenyewe ilikuwa ile iliyokanyagwa na wanyama na watu wanaokwenda kunywa.

Walikunywa kwanza.

Mmoja aliinama akachota kwa kofia. Mwingine alimpokea Paulina debe kwa mikono miwili, kwa adabu, akanywa, akamrudishia. Wakamuuliza kitu. Akajibu kwa sauti ya kawaida kwamba wanaume wamekwenda shamba.

Kisha akaangusha debe, akakimbia kuelekea nyumba, akipiga kelele jina la mumewe.

Risasi moja.

Nililala kwenye tope. Panga lilikuwa mkononi mwangu. Nalitaja kwa sababu lilikuwepo.

Sikuona yaliyotokea kwenye nyumba. Niliyasikia. Halafu moshi ukaja, na matete yakaanza kujaa majivu. Sikuinuka mpaka nilipowaona askari kwa mbali, wadogo kabisa, upande wa pili wa mto.

Walikufa sita. Paulina na Anselmo walikuwa miongoni mwao. Watano walikimbilia mteremkoni, na Nankulu wakawapokea.

Tuliwabeba juu. Sijui tulipanda kwa saa ngapi. Mzee Chipatu alichagua mahali nyuma ya mikorosho, na watu wakanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtani. Ilikuwa kazi yangu kuchimba, kuingia kaburini na kulala humo nikidai nilipwe ndipo nitoke, kumwigiza marehemu jinsi alivyotembea na alivyotukana, ili wafiwa wacheke kidogo na kuweza kupumua. Mtani asipofanya hivyo, msiba unakuwa kama haujafunguliwa.

Nilichukua jembe. Nilipolinyanyua, Mzee Chipatu aliniwekea mkono begani.

"Pumzika, Bwana Karani," alisema kwa upole. "Vijana watachimba."

Miaka mitatu hakuwa ameniita hivyo.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo lazima niliseme, maana nimewahi kuulizwa. Mama Somoe aliendelea kuniwekea chakula. Aliniambia kwa kinywa chake kwamba Mungu ndiye apangaye. Lakini aliniambia kama mtu anavyomwambia mgeni. Watoto waliokuwa wakinirushia maganda ya mihogo na kukimbia, sasa walisimama wakisema shikamoo. Nilipita kijijini kama mkaguzi.

Bwana wa ofisi alikuja na gari, akaandika taarifa, akauliza nyumba zilikuwa mbali kiasi gani na mto. Nilimjibu bila kupima. Baadaye nilifungua daftari nikaongeza kijiji kipya kwa mpangilio uleule: "Nyumba nne. Maji: hapohapo. Kilianzishwa kwa shauri la karani." Daftari lilipokaguliwa Newala, sehemu hiyo ilikatwa kwa wino mwekundu, kwa kuwa mahali pasipo na wakazi hapahesabiwi. Hivyo mahali alipofia Paulina hapamo katika karatasi yoyote ninayoijua.

Nilikaa miezi minne zaidi. Nilikuwa nimezoea kuacha mahali pasiponiuma. Hapa nilitaka kubaki, na kila siku niliyobaki niliona ninawanyima watu nafasi ya kulia, maana mbele yangu walijizuia.

Nilimwomba Somoe twende wote Songea. Hakujibu siku hiyo. Alijibu asubuhi ya kuondoka kwangu, tulipokuwa tumesimama kwenye barabara ya Kitangari tukingoja gari, yeye na debe tupu, mimi na sanduku.

"Mama hapiti tena njia ile," alisema. "Anakwenda chemchemi ya upande wa mashariki. Ni saa tatu kupanda. Hawezi peke yake."

Nikajua kwamba hilo ndilo jibu, na kwamba ni haki.

Tulisikia gari kwa mbali. Nilimwambia, "Somoe, nitukane. Tusi moja tu, niende nalo."

Alinitazama. Alifungua mdomo, nami nikaona anajaribu kweli, anatafuta, kama mtu anayetafuta jina la ndugu. Kisha akaufunga mdomo.

"Nenda salama," alisema.

Akaweka ngata kichwani, akageuka, maana jua lilikuwa limeshaanza kupanda na mama yake alikuwa akimsubiri.