Maji Yaliyosema Ndiyo

Mkamwana wangu kazi yake ni kupima kuku waliokufa na wanaotaka kufa. Mtaani wanamwita Bibi Vichupa. Mimi alinichosha tangu anaolewa: kila mlango avue ndala, avae nyingine. "Mama, uchafu wa chumba hiki usiingie kile." Nikamuuliza, humu ndani nani mgonjwa?

Kumbe ndivyo kazini kwao. Chumba cha kwanza wanachanganya dawa, cha pili wanatia ute waliofuta kooni mwa kuku, cha tatu ndiko iliko mashine inayokitafuta kirusi cha mafua ya ndege. Ukishafika cha tatu, huruhusiwi kurudi cha kwanza. Na kila mara wanaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Hicho kinatakiwa kinyamaze. Kikisema kuna kirusi, jua uchafu umeingia, majibu yote ni ya kutupa.

Wakawafuta kooni kuku wangu na wa jirani yangu mjane. Mashine ikasema wanacho kirusi. Maji nayo yaliguna kidogo, mwishoni kabisa mwa kipimo. Mkamwana akaona si kitu, akatia sahihi. Nikamwambia, "Kuku wangu wanakula, wanataga, wanagombana kama wake wenza. Wagonjwa gani hao?"

"Mama, mashine haisemi uongo."

Wakaja watu wamejifunika nguo nyeupe mpaka usoni, wakaua wote, kwangu na kwa jirani. Shimo likafukiwa nyuma ya choo.

Wiki iliyofuata yale maji yakapiga kelele waziwazi. Wakaosha meza, yakasema tena. Mwisho ikaonekana ni kalamu ya mkamwana: anatoka nayo chumba cha tatu, anaingia nayo cha kwanza, sijui tangu lini. Basi usingizi ukamhama. Yuko anakula, mara kijiko kinasimama hewani. "Mnasikia kuku?" Mwanangu anamwambia hakuna kuku. Mimi najisogezea mboga.

Siku moja kaja kwangu, yuko sebuleni, akakauka.

"Mama, analia chumbani kwako."

"Kuku gani? Si uliwamaliza?"

Machozi hayo. Nikamwacha alie mpaka nikatosheka, ndipo nikafungua mlango. Tetea mmoja nilimfunika na beseni siku ile ya mauaji.

Hakucheka, hakunigombeza. "Kuishi peke yake si ushahidi, mama. Damu ndiyo itasema kama aliwahi kuugua." Akamtoa damu kwenye bawa.

Majibu alikuja nayo mwenyewe, hakumtuma mwanangu. Hilo nalikubali.

"Kirusi hakijamgusa hata mara moja. Na alilala banda moja na wenzake. Walikuwa wazima, mama."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nisamehe."

"Mimi nimebaki na tetea. Mwenzangu hana hata unyoya, na mayai ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Anzia huko."

Akaenda. Nilimwona dirishani, kasimama langoni kwa mjane, mkono kauinua abishe hodi, habishi. Redio ya mle ndani inaimba, mtu anacheka. Sikumwita arudi.