Bibi Yake wa Milimani

Bwana yangu alipoanza kurudi safarini na pua iliyobambuka, nilijua kuna mwanamke.

Musinicheke. Ninyi mungefikiri nini? Yeye ni mfanyabiashara wa mapazia na mazulia, mtoto wa Butembo kabisa, na kazi yake ni kukaa kwenye maduka ya wageni akibishana bei, kisha kukaa bandarini akingojea kontena. Hakuna jua kwenye kazi ile. Mais lakini kila mara kontena ilipochelewa Dar es Salaam au Mombasa, mtu wangu alirudi amekonda, midomo imepasuka, ngozi ya pua inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa, na anapiga mluzi akifunga kamba za viatu. Mwanaume aliyepoteza siku zake kwa kungojea kontena hapigi mluzi. Ananuna, anatukana forodha, anadai chai. Huyu wangu alikuwa na furaha, na ile furaha hakuitoa nyumbani kwangu.

Mimi nimezaliwa Kasugho, katika nyumba ya Waprotestanti. Siku nilipokubali kuolewa na Mwislamu, mama yangu alinivuta pembeni, akasema: "Utazoea yote, mutoto yangu. Lakini siku ataleta wa pili, usiseme sikukuambia." Nikasilimu, nikazaa, nikafungua butiki yangu mwenyewe karibu na soko, watoto wakakua, na wa pili hakuja. Ndiyo maana ile pua ilininyima usingizi. Kama angetaka bibi mwingine, dini inamruhusu. Angesema tu, tungegombana, tungepatana. Kwa nini afiche kitu alichoruhusiwa? Basi huyo mwanamke lazima awe na mambo mabaya sana, nikajiambia.

Siku moja, bugali ikiwa motoni, nilikuwa natoa nguo chafu kwenye begi lake, nikakuta kofia ya sufu, nyekundu, imefumwa kwa mkono. Nikainusa. Moshi wa kuni na jasho. Aka! Donc, yaani huyo bibi anapika kwa kuni, tena anaishi kwenye baridi. Nikaingia nayo dukani kwake nikiwa bado nimeshika mwiko wa bugali.

"Ni wa wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Bibi yako. Mwenye kufuma hii."

Akaitazama kofia, akanitazama mimi, akauona na mwiko. Kisha akakaa juu ya balo la mapazia akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale pale nikingojea amalize, maana cheko nalo ni njia ya kutafuta uongo mzuri.

Alipopata pumzi akaniambia yote. Mara ya kwanza kontena ilikwama Dar, akachoka kuhesabu feni za hoteli, akapanda basi kwenda kuangalia Kilimanjaro kwa chini tu. Kwa chini hakukumtosha. Akaungana na wazungu fulani, akapanda mpaka juu, na ile kofia aliinunua kwa mama mmoja wa sokoni huko, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanaganda. Kontena iliyofuata ilikwama Mombasa, akaenda Mlima Kenya. Uturuki, anakochukua mazulia, akapata mlima wa barafu. Hata Dubai, mahali mimi nilidhani ni mchanga na maduka tu, alitafuta mawe ya kupanda akayapata. Akanionyesha foto kwenye telefoni: yeye mwenyewe, amevimba ndani ya jaketi kama kuku anayeatamia, nyuma yake weupe mtupu.

"Na nani alikupiga foto?" nikauliza.

"Aa, mama batoto! Ni kiongozi wa njia. Mwanaume, mwenye ndevu!"

"Na kule juu kuko nini?"

"Hapana kitu."

"Sema kweli."

"Wallahi, hapana kitu. Mawe, upepo na barafu."

Akasema hivyo huku anatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililoniudhi. Sisi watu wa Butembo hatuendi hata Beni bila kurudi na kitu cha kuuza. Mtu ana mke, ana duka, ana magoti yanayolia kila akiinuka kuswali, halafu avuke nchi tatu kufuata hapana kitu? Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akainamisha kichwa.

"Batu bakisikia niko napanda milima bure, bila kushuka na kitu, batasema nilirogwa. Nani atatia tena mizigo yake mu kontena pamoja na mie?"

Hapo alisema haki. Mimi mwenyewe nisingetia.

Kisha akaniambia neno lililonitoa ukali. Ile milima yote ya wengine ameipanda, mais wa kwetu hajawahi. Huu wa Ruwenzori, ambao asubuhi za baada ya mvua ulionekana mweupe toka uwanja wa nyumba yao kule Vulamba, hapa hapa Butembo, na marehemu mama yake alikuwa anamnyanyua mabegani ili auone. Kila mara alipotaka kwenda, njia ilikuwa na vita, au parki, ile hifadhi ya mlima, imefungwa. "Nimefika juu ya milima ya batu," akasema, "na wa mama yangu bado."

Basi msimu mmoja njia ikatulia, magarde, wale walinzi wa parki, wakaanza tena kupokea watu. Bwana yangu akasema: "Twende wote. Utaona mwenyewe kama kuko bibi." Alisema kwa mzaha. Mimi nikakubali bila mzaha hata kidogo.

Sikuenda mikono mitupu, lakini. Nilichukua kutoka butiki yangu soksi za sufu, biskuti, tangawizi, mishumaa na pile, betri za torshi, nikafunga gunia zuri. Tulipanda gari mpaka Beni, toka Beni pickup mpaka Mutwanga, mguuni pa mlima, na pale kwenye nyumba ya magarde wabebaji waliponiona nashusha gunia walianguka kwa kicheko. Bwana yangu aliangalia upande mwingine kama hanijui.

"Mama, kule juu utauzia nani? Nyani?"

"Tutaona siku soksi zako zitalowa," nikajibu. "Beba vyako."

Mmoja akaninyooshea mfuko wa mgongoni wenye mikanda ya mabega. Nikakataa. Kasugho nilibeba mihogo toka utoto na kamba kwenye paji la uso, mikono ikiwa huru, na paji langu halijasahau. Nikafunga gunia langu namna ya kwetu, nikatangulia. Yowee, ule msitu! Matope mpaka magotini, mizizi, mvua isiyoomba ruhusa, na juu zaidi miti yenye ndevu za majani yanayodondosha maji shingoni. Bwana yangu, mpanda milima wa dunia nzima, na fimbo zake mbili za kununua Uturuki, alikuwa nyuma yangu anahema.

"Pole pole, mama batoto! Mlima haukimbii."

"Hata mie hapana kimbia. Ni wewe uko unakaa."

Kwenye kibanda cha pili cha kulala wapandaji kila mtu alikuwa amelowa. Wabebaji walivua viatu, wakakamua soksi, wakatazamana, kisha wote pamoja wakalitazama gunia langu. Soksi ziliisha zote isipokuwa pea moja niliyoificha. Sikuongeza bei, Mungu ni shahidi. Labda kidogo tu.

Kibanda cha mwisho kiko mahali ambapo hakuna tena mti wa kweli, ni mawe na mimea mirefu ya ajabu imesimama kwenye ukungu. Pale nikasema leo nitapika maharagi, biskuti zimenichosha. Nikachochea moto mchana kutwa. Maji yanachemka, maharagi yako magumu vile vile. Nikaongeza kuni, nikaongeza maji, nikayatukana kwa Kinande. Mwisho bwana yangu akasema, akiwa amejifunika blanketi: "Huku juu maharagi hayaivi. Hata Kilimanjaro hayakuiva." Alijua toka mwanzo! Aliniacha nijimalize na moshi ili ajifurahishe. Nilimtupia punje moja, akacheka, tukala biskuti. Nilikuwa na furaha jioni ile, na sikuona aibu kuisema. Nikamwambia: "Niko muzuri hapa na wewe."

Asubuhi hakuweza kusimama. Kichwa kilimpasuka, akatapika mlangoni, akajaribu kufunga viatu na vidole vikakataa. Kiongozi wetu, mwanaume mpole wa Mutwanga, alichuchumaa mbele yake akamwangalia macho.

"Papa, ni hewa ya juu. Unashuka. Hapana kesho, ni sasa."

"Nitapanda."

"Ukishuka utapona leo leo. Ukipanda, tutakubeba."

"Nimesema nitapanda!" Na bwana yangu, ambaye sikuwahi kumuona akilia hata siku ya kumzika mama yake, akaanza kulia. "Milima yote ya kule nilifika. Huu wa kwetu ndio utanikataa?"

Niliogopa. Nilimjua: kuambiwa "utakufa" hakungemzuia, angeona ni bei ya kubishana. Nikakaa karibu naye kwenye mbao, nikamshika uso.

"Papa batoto, sikiliza. Ukipanda leo, nitaamini kweli kuko bibi kule juu. Mwanaume mwenye akili anakufa juu ya nini ingine?"

Akanitazama. Akataka kukasirika, cheko likamtoka, likamuumiza kichwa, akashika kichwa huku anacheka na kulia. Kisha akasema sawa.

"Lakini wewe nenda," akasema.

"Mie? Nikuache hivi?"

"Mubebaji atanishusha. Wewe uko na nguvu, nimekuona. Mutu moja wa nyumba yetu afike." Akatoa ile kofia nyekundu mfukoni, akanivalisha juu ya kitambaa changu, akaivuta mpaka kwenye masikio. "Ukifika, angalia upande wa Vulamba."

Nilimvalisha ile pea ya mwisho ya soksi. Nikamtazama akishuka ameegemea bega la mbebaji mpaka ukungu ukamla, na karibu nimkimbilie. Kiongozi akanikoholea. Nikageuka, nikapanda.

Kulikuwa na miamba na kamba ya kushika, na pumzi yangu ilikuwa inaishia kooni. Kiongozi alinionyesha jiwe ambapo barafu ilifika alipokuwa kijana, na toka pale tulitembea bado sana kabla ya kuipata. Halafu tukaipata. Ilianza tu, ukingo mweupe juu ya jiwe jeusi, urefu wa kiuno changu, inadondosha maji. Nikasema bismillahi, nikaweka mikono yote miwili.

Hapakuwa na mtu wa kuniita "Mama, nipimie!" Hapakuwa na pikipiki, wala moshi, wala kitu cha kuuza au mtu wa kukinunua. Niligeuka upande wa Vulamba kama nilivyotumwa: mawingu matupu, yametandazwa mpaka mwisho wa macho. Nikampa marehemu mama mkwe salamu za mtoto wake kwa sauti. Nililia, kisha nikacheka, na kiongozi akajifanya anafunga kamba. Sijui nilikaa pale muda gani. Najua kwamba niliambiwa twende na nikakataa, kama mtoto anayetolewa kwenye sherehe.

Bwana yangu nilimkuta kwenye kibanda cha chini, amekaa kwenye benchi juani, kikombe cha tangawizi mkononi, rangi imerudi usoni. Alhamdulillahi! Nikamkumbatia mbele ya wabebaji wote, bila haya. Akaniachia nafasi kwenye benchi. Akaangalia mikono yangu: mitupu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilirudi mahali bila kubeba kitu.

"Basi?" akauliza. "Kuko nini?"

Nilitaka kumwambia yote. Nikatafuta pa kuanzia.

"Hapana kitu," nikasema, na nikasikia tabasamu langu lenyewe linatoka.

Akanitazama sana, ile kofia, midomo iliyopasuka, pua iliyoanza kubambuka. "Hapana kitu namna gani?" akasema. "Sema kweli." Na macho yake, wallahi, yalikuwa macho yangu ya ile siku ya mwiko.

Nikachukua kikombe chake, nikanywa chai yote.